Turudishieni Mwinamo wa Kanisa Letu

Kwa Bwana Mkurugenzi,
Ofisi ya Majengo ya Kale,
Ghorofa ya nne (lifti imekufa, nimepanda kwa miguu mara tatu, ngazi zenu sasa nazijua moja moja kwa tabia),
Jiji la Meksiko.

Bwana Mkurugenzi uliyeketi juu yetu,

YAH: KUOMBA KIKANISA CHA MTAKATIFU PASKALI KIPINDISHWE TENA

Nakuamkia kwa heshima, wewe, kiti chako, na muhuri wako. Mimi naitwa Eleuterio Tepoz, fundi mwashi mstaafu wa mtaa wa Vyungu. Nina miaka themanini na moja na meno kumi na tisa, yote ya kuzaliwa nayo. Shule nilisoma madarasa mawili, na hilo la pili nililisoma mara mbili kwa sababu nililipenda. Kwa hiyo barua hii nasema mimi, anagonga Bwana Hilario mwenye mashine ya taipu, yule anayeandikia watu barua chini ya matao ya uwanja wa Santo Domingo. Hilario anasema malalamiko ya watu wenye akili huwekwa namba. Basi nitayaweka namba. Zikirukaruka, kosa ni la mashine.

Jambo lenyewe ni hili. Kikanisa chetu kilikuwa kimeinama. Kiliinama tangu siku kilipozaliwa, kuelekea magharibi, upande wa mlango, sentimita arobaini na moja ukipima kwa timazi kutoka kwenye kuba. Kiliinama vizuri, kwa adabu, kama mtu anayemsalimia mkwewe. Mwaka juzi ofisi yako ikatuletea Injinia Berenice Urrutia na mirija yake. Wakaanza kuchota udongo chini ya upande uliopanda, kijiko kwa kijiko, kama mtu anayeiba sukari ya mwenye nyumba, na upande ule ukashuka polepole, ukashuka, mpaka siku moja kanisa likawa limesimama wima. Wima, Bwana Mkurugenzi! Kama askari! Na sasa nasikia Alhamisi hii utatia sahihi karatasi ya kumwaga saruji chini yake, ili lisiiname tena hadi parapanda ilie.

Nakuomba usitie sahihi. Ukitia, mimi nimekwisha. Maana mimi ndiye Mwenye Kabari.

Usicheke. Kanisa likiinama, benchi linainama. Benchi likiinama, Wakristo wanamwagika. Kwa hiyo chini ya kila mguu wa benchi, chini ya vinara, chini ya kiti cha padre, mpaka chini ya nyayo za Mtakatifu Paskali mwenyewe, kulikuwa na kabari ya mti mgumu. Zilikuwa mia moja na kumi na nne. Alizichonga babu, akazichonga baba, nikazichonga mimi miaka hamsini na sita. Na usidhani kabari ni kazi ya kuweka na kuondoka. Ardhi yetu ni ziwa lililokaushwa ambalo halijakubali kwamba limekauka. Kila wiki linameza kidogo. Unapita na nyundo: hii ongeza, hii punguza, ile imekimbia, irudishe. Askofu akija, wa kwanza kuulizwa habari za kanisa si padre. Ni mimi. Sasa Injinia Berenice amenirudishia kabari zote kwenye gunia, na gunia limekaa mlangoni kwangu. Kila anayepita anauliza, "Don Eleuterio, unauza kuni?"

Sasa malalamiko.

KWANZA. Hamjui historia, na mmeibandika ukutani. Watu wako wameweka kibao kizuri cha shaba, nakisifu, kimeng'aa. Kibao kinasema: "Kikanisa hiki kilijengwa na msanifu asiyejulikana." Asiyejulikana! Mimi namjua! Ana pua hii hii niliyo nayo mimi!

Ni hivi. Zamani za wafalme wa Hispania, palikuwa na mpishi katika nyumba ya masista, mjane, jina lake Nicolasa. Siku moja mtu mkubwa kutoka ng'ambo alikuja kula, na Nicolasa alikuwa anapika mole ya bata mzinga, ule mchuzi wetu mzito ambao ukigeuka kidogo tu kuzungumza na jirani, umeungua. Akageuka. Ukaungua. Nicolasa akapiga magoti pale pale jikoni, akamwambia Mtakatifu Paskali, msimamizi wa wapishi: "Paskali wangu, ukiuokoa mchuzi huu nakujengea nyumba." Mchuzi ukaokoka. Mgeni alikula sahani nne, akaomba ya tano alambe tu. Na wengine wanasema ule mchuzi haukuokoka, bali mgeni alidhani ndivyo unavyopaswa kuwa. Watu wana midomo.

Nicolasa akatafuta wasanifu. Wote wakamtaka michoro. Akasema, "Mimi mwaka mzima napika bila kuchora kitunguu, nyie mnataka michoro?" Ndipo akamwendea Gaspar, mjenga tanuri za mikate, ambaye ni babu wa babu wa babu yangu, ongeza na mababu wengine wawili watatu hapo. Gaspar akamwambia ukweli: "Mama, mimi najua kujenga kitu kimoja tu duniani." Nicolasa akajibu, "Basi nijengee hicho hicho, lakini kikubwa, mtu aweze kupiga magoti ndani."

Ndiyo maana, Bwana Mkurugenzi, kuba la kanisa letu ni tanuri. Wasomi wenu wamelipiga picha wakaandika habari za "mtindo wa kipekee." Mtindo gani? Tanuri hilo! Mlango ni mfupi kwa kuwa mlango wa tanuri huwa mfupi, hivyo kila mtu anaingia ameinamisha kichwa, tajiri na maskini. Mnara wa kengele ni dohani. Pale juu katikati ya kuba pana tundu la moshi, na mvua ikinyesha inamdondokea padre shingoni wakati wa mahubiri, ndiyo maana mahubiri yetu ya majira ya mvua ni mafupi na yana nguvu. Kuta ni za lile jiwe jekundu la volkano, jepesi, lina matundu kama mkate uliokolea hamira. Na siku ya kulijaribu kuba, Gaspar hakuita mkaguzi. Aliwasha moto katikati ya sakafu, akaoka mikate. Mikate ikaiva sawasawa pande zote. Kuba limefaulu! Siku walipochoma ubani mara ya kwanza, tanuri lilivuta hewa vizuri hivi kwamba kofia ya shemasi ilipaa, ikatokea dohani, ikaanguka sokoni kwenye kapu la maboga. Hayo kibao chenu hakisemi.

Na mwinamo? Siku ya kutabaruku, askofu alikuwa mnene, Mungu ampumzishe, alikuwa mnene kupita cheo chake. Akasimama mlangoni, upande wa magharibi, ambapo chini palikuwa mfereji wa zamani. Kanisa likamwinamia kwa heshima. Askofu akaondoka, kanisa likabaki limeinama. Mababu wakasema, "Liacheni, limelelewa vizuri." Hiyo ndiyo historia. Kama mna nyingine, ileteni tuzilinganishe.

PILI. Misa ya kwanza baada ya kunyooshwa. Lazima ujue kwamba sisi watu wa Vyungu tumesali mlimani vizazi vyote. Ukiwa ndani, altare ipo juu na mlango upo chini. Kwa hiyo ukisimama unajisukuma mbele kidogo, vidole vya miguu vinashika sakafu, kifua kinaelekea kwa Mungu. Hatufikirii. Ni kama kupumua. Basi Jumapili ile Padre Fidencio akasema, "Tusimame." Tukasimama. Tukajisukuma mbele. Mbele hapakuwa na mlima! Benchi la nyuma likawaangukia wa mbele yao, wale wakawaangukia wa mbele yao, na safu ikaenda hivyo hivyo kwa ustaarabu mpaka kwaya ikamwagika kwenye ngazi za altare kama gunia la viazi lililopasuka, na bado wanaimba. Padre Fidencio alitutazama, machozi yakamlengalenga. Akasema, "Miaka ishirini na miwili nawahubiria toba. Leo mmeelewa."

Kumbe naye maskini alikuwa anashikilia altare kwa mikono miwili. Alipoiachia ili atubariki, akaondoka taratibu kuelekea sakristia, anabariki huku anakwenda, kama anayeaga.

TATU. Vitu vilivyopotea. Zamani kitu kikikuponyoka kanisani, hukuinama kukitafuta. Ulimaliza sala zako, ukaenda kona ya nyuma ya mlango, upande wa kushoto, ukakikuta kinakusubiri. Rozari, vifungo, miwani, gololi za watoto, meno ya bandia, vyote vilishuka vyenyewe. Ilikuwa kona ya ukarimu. Kompadre wangu Ubaldo, tuliyebatiziana watoto, alimpata mkewe kwenye kona ile: yeye alifuata kofia, mwenzake alifuata hereni. Sasa kitu kikianguka kinakaa pale pale kama kimekasirika. Doña Perfecta, mama yetu muuza tamale, ile mikate ya mahindi ya kuchemshwa kwa mvuke, alidondosha meno yake wakati wa "Amina." Tuliyatafuta konani siku mbili, tukawauliza wapita njia. Yalikuwa chini ya sketi yake. Alikuwa ameyakalia muda wote, anatutazama tunavyohangaika.

NNE. Harusi. Kwetu bibi harusi anapanda kutoka mlangoni kwenda altare, na bwana harusi anapanda naye, na hakuna kumshika mwenzako. Anayefika wa kwanza bila kuhema ndiye atakayeamua mambo ya nyumbani. Hii imeandikwa wapi? Haijaandikwa, ndiyo maana inafuatwa. Wasichana walikuwa wanafanya mazoezi ya ngazi miezi mitatu. Mimi mwenyewe nilipooa nilimwacha Casimira hatua mbili nyuma, nikafika juu nimetulia kama sanamu. (Casimira amesimama hapa nyuma ya Hilario, anasema, "Muongo wee! Ulifika kwa magoti, na padre akakupepea na kitabu cha Misa!" Hilario, usiandike hilo.) Mwezi uliopita ilifungwa harusi ya kwanza kwenye sakafu tambarare. Bwana na bibi wamefika altareni sawa kwa sawa, bega kwa bega. Sasa nyumba ile ina makamanda wawili. Jana wamegombania upande wa kuweka meza, na leo meza iko uani.

NNE TENA, maana hili linahusu nyumba vilevile, tena ndilo zito. Mtaa wetu wote ulipimwa kwa kanisa. Nieleze? Nieleze. Fundi wa mtaa mwingine akitaka kujua kama ukuta umesimama sawa, ananing'iniza timazi. Sisi tulikuwa tunarudi nyuma hatua kumi, tunafumba jicho moja, tunalinganisha na kanisa. Kanisa ni nyumba ya Mungu, Mungu hawezi kuwa wa upande, basi ukuta unaofanana na kanisa umenyooka. Hivyo ndivyo alivyonifundisha baba, na hivyo ndivyo nilivyojenga nyumba mia mbili, majiko, mabanda ya kuku, na choo cha padre. Miaka hamsini na sita hakuna mteja aliyelalamika, kwa sababu kila alichokitazama kilikuwa kimekubaliana na kingine.

Sasa mmemnyoosha shahidi! Asubuhi ya kwanza mtaa ulipoamka na kutazama, kila nyumba imelewa. Wanawake walitoka nje wakashika vichwa. Kompadre Ubaldo akaja kwangu na nguo ya kulalia.

"Kompadre! Nyumba yangu imepinda!"

"Nyumba yako haijasogea."

"Nitazame machoni. Uliniambia imenyooka kama kanisa!"

"Na ilikuwa imenyooka kama kanisa. Nenda kamuulize kanisa kwa nini alibadilisha maneno."

"Miaka arobaini nalala nimeinama, nadhani ni uzee!"

"Ni uzee, kompadre. Nyumba inakusaidia tu."

Hajaniamkia tangu siku hiyo, Bwana Mkurugenzi. Anapita na gazeti usoni, naye kusoma hajui. Watu wanataka niwabomolee na kuwajengea upya. Nina miaka themanini na moja! Lipi rahisi, nyumba mia mbili kunyooka, au kanisa moja kuinama? Piga hesabu mwenyewe, una kalamu.

SABA. Tano na sita nilizisahau kwenye ngazi zenu, mkiziona zinahusu njiwa. Saba ni ngoma. Tarehe kumi na saba Mei, sikukuu ya Mtakatifu Paskali, wapishi wote wa mtaa wanaingia na vyungu vyao na kumchezea mtakatifu, maana mtakatifu anayependa jiko anapenda na kiuno. Ngoma yetu ni hatua tatu kupanda. Tatu tu. Kurudi hujifunzi, mteremko unakurudisha mwenyewe, mgongo mbele, unatabasamu. Bibi zetu wa miaka tisini wanacheza kutwa, kwa sababu nusu ya kazi inafanywa na jengo. Mwaka huu Doña Perfecta alipanda hatua tatu, akasubiri arudishwe. Hakurudishwa. Akadhani hajafika, akaongeza tatu. Akasubiri. Akaongeza tatu nyingine. Alikwenda hivyo mpaka akamkumbatia Padre Fidencio, na chungu cha mole kikiwa katikati yao. Padre alifua kanzu mara saba. Sasa ina rangi ya Kwaresima mwaka mzima.

Na nisikwambie kuhusu mtakatifu mwenyewe. Mimi nilikuwa nimemwekea kabari chini ya vidole vya mguu wa kushoto, kwa hiyo alikuwa anawatazama wapishi machoni. Mlipoinyoosha sakafu, kabla kabari haijatolewa, alikuwa anatazama juu kwenye tundu la moshi, kama mtu anayeuliza mvua itanyesha saa ngapi. Wiki hiyo mole iliungua katika nyumba tatu. Sisemi kitu. Nataja tu nyumba.

NANE. Sasa nimfikie Injinia Berenice, na nitasema kwa haki. Ni binti mwenye adabu, anakula pilipili bila kulia, na akiingia anavua kofia ya kazi. Nilimfuata siku ya mwisho nikamwambia:

"Binti yangu, hivi kanisa lilikukosea nini?"

Akasema, "Don Eleuterio, lingeanguka."

"Lingeanguka lini?"

"Hatuwezi kujua. Miaka kumi. Ishirini."

"Mimi nina themanini na moja! Mlikuwa na haraka gani?"

Akacheka mpaka akakaa kwenye ndoo. Halafu akaacha kucheka, akanionyesha ufa nyuma ya altare, akauingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Nikamwambia ufa ule naujua, ndimo ninamoweka nyundo. Akasema, "Ndiyo, babu, tuliikuta." Akanirudishia. Alikuwa ameifuta vumbi.

Na mnadhani kuanguka mimi sikujui? Siku ya tetemeko lile kubwa, mnara ulipoanza kucheza, nani aliushikilia? Nilisimama chini ya dohani la Gaspar, nikaegemeza mgongo, nikausukuma dakika mbili nzima, mkono wa kulia nimeshika kikombe cha uji wa mahindi, na tone halikumwagika. (Casimira anasema nilikuwa chini ya meza ya sakristia na yeye ndiye aliyenivuta mguu. Palikuwa na vumbi, hakuona vizuri.)

TISA, na ya mwisho, na hii Hilario amenishauri niiseme polepole ili mashine isikwame. Jumapili iliyopita nilikwenda Misa. Nikaingia na nyundo mfukoni, kwa mazoea. Nikainama benchi la kwanza, mguu umekaa. La pili, umekaa. Nikazunguka mabenchi yote kumi na tisa, nimepiga magoti, nagonga sakafu kama daktari anayetafuta ugonjwa kwa mtu mzima wa afya. Vyote vimekaa. Wale wanawake walikuwa wananiinulia miguu nipite, kama zamani, kwa heshima, na mmoja akaninong'oneza, "Pumzika, Don Eleu, pumzika." Neno baya gani hilo! Mtu wanamwambia apumzike wanapomtafutia jeneza. Nikabaki nimesimama katikati, sina pa kushika. Miaka hamsini na sita katika kanisa lile sikuwahi kujiuliza niende upande gani. Benchi lililokuwa linalia lilikuwa linaniita. Sasa hakuna linaloniita.

Nilipofika nyumbani Casimira akaniuliza, mikono kiunoni, "Wewe unalilia kanisa au unalilia nyundo?"

Nikamwambia nalilia historia.

Basi maombi yangu, Bwana Mkurugenzi, ni haya, na nimeyapanga kuanzia rahisi.

Ombi la kwanza: chukueni mirija ile ile, choteni udongo upande wa magharibi, kijiko kwa kijiko, mlirudishe kanisa mlikolikuta. Mkiogopa ufa, mimi nitaukalia.

Ombi la pili, kama la kwanza linaonekana gumu: liacheni kanisa wima, inamisheni jiji. Sentimita arobaini na moja kila jengo, kuelekea magharibi. Mtaona ugumu, lakini fikirini: jiji hili linazama lenyewe bila kulipwa mshahara, linataka kuelekezwa tu. Anzeni na ofisi yako, ghorofa ya nne itakuwa karibu zaidi na ardhi na wazee tutafika. Halafu benki, mahakama, viwanja vya mpira, timu ya ugenini ipande mlima. Likishainama lote, kanisa letu litakuwa ndilo limepinda peke yake, na hapo mtaniita mimi, na mimi nitakuja.

Ombi la tatu, kama la pili litahitaji kikao. Kateni mguu wa benchi moja. La nyuma kabisa, karibu na mlango, mguu wa kushoto. Kidole kimoja tu. Hata nusu kidole. Semeni ni panya.

Nakutakia afya njema, na mkono usio na haraka siku ya Alhamisi. Nisalimie mkeo ambaye simjui, nadhani ni mvumilivu. Nisalimie katibu wako anayesema "rudi kesho" kwa sauti tamu kuliko wengi wanaosema "karibu." Msalimie mlinzi wa mlangoni, bwana Crispín, mwambie goti aliloniambia linauma alikande kwa mafuta ya moto na majani ya mparachichi. Isalimie lifti, Mungu ailaze pema. Padre Fidencio anakusalimu, hajui kama anakusalimu. Mtaa wa Vyungu wote unakusalimu, isipokuwa Ubaldo, ambaye hasalimii mtu.

Ni mimi, kwa heshima ya kupita kiasi,

Eleuterio Tepoz,
Mwenye Kabari,
kitukuu cha kitukuu cha Msanifu Anayejulikana.

T.B. Hilario, ongeza hapa chini, herufi ndogo.

Bwana Mkurugenzi, barua ilipokwisha, Hilario aliisoma yote kwa sauti pale barazani, na watu wa foleni wanaongoja kuandikiwa barua zao wakapiga makofi, nikafurahi. Casimira hakupiga makofi. Aliniambia mbele ya watu wote:

"Sasa nisikilize na mimi, Mwenye Kabari. Nimeolewa kwenye kanisa lile. Watoto watano nimebatizia pale, mmoja nimemzika pale. Misa zote hizo, za furaha na za msiba, kando yangu palikuwa na nafasi tupu, na mume wangu yuko chini ya benchi la mtu mwingine anagonga. Watu walikuwa wanaweka mikoba yao pale. Jumapili iliyopita ulikosa pa kwenda, ukaja ukakaa. Ulijua kama ulikaa karibu na mimi? Uliniegemea bega kuanzia Injili, ukalala, ukakoroma kwenye Nasadiki, Doña Perfecta akadhani ni ogani. Sikukuamsha. Nimesubiri miaka hamsini na sita kuona unavyolala kanisani kama waume wa wenzangu. Kanisa hilo likirudi kupinda, Eleuterio, mimi nahamia kwa Waprotestanti."

Foleni nzima ikampigia makofi yeye, mengi kuliko yangu.

Nilikuwa sijui, Bwana Mkurugenzi. Haki ya Mungu nilidhani nilikwenda kukaa kwa sababu ya miguu.

Kwa hiyo tia sahihi. Usingoje Alhamisi kama Jumatano una wino. Mwageni saruji, tena nzito, na Injinia Berenice asimame hapo hapo aangalie wasiichakachue. Mguu wa benchi msiukate. Panya wakija, mimi mwenyewe nitawafukuza.

Barua naituma hivyo hivyo ilivyo, kwa kuwa Hilario hakubali kuigonga upya, na Casimira ameshanivuta mkono, anasema tuwahi novena ya saa kumi, anataka tupate benchi la mbele.